Unasevu kununua nyumba Ujerumani? Anza na hii, ile ya mwisho ikwepe

Ndugu zangu mlioko Ujerumani, ile Bausparvertrag (mkataba wa kuweka akiba kisha ukopeshwe hela ya nyumba, kwa kifupi bauspari) wanayokuchomekea benki ukienda kufungua akaunti tu, mi naiweka namba moja, ila kwa masharti.

1. Bauspari, ila iwe saizi yako. Unaweka hela kila mwezi, ukifikisha kama asilimia 40 au 50 ya kiasi cha mkataba na zamu yako ikafika, kilichobaki wanakukopesha kwa riba ileile mliyoandikiana siku ya kusaini, hata kama huko nje riba zimepaa. Ndo utamu wake huo. Na mkopo wake ukipata hela ya ziada unaupunguza muda wowote bila faini. Serikali nayo inakuongezea: Wohnungsbauprämie ni 10% ya akiba ya mpaka euro 700 kwa mwaka, yaani 70 zako, wanandoa 140, mradi kipato kinachotozwa kodi kisizidi 35,000 (wanandoa 70,000). Fomu ya kuomba usiiache droo.

Sasa ada! Wanakata 1% mpaka 1.6% ya kiasi cha MKATABA, sio ya ulichoweka. Mi niliandikiwa mkataba wa 50,000 huku naweka 40 kwa mwezi, karatasi ya mwisho wa mwaka ikaja nikaisoma pale mezani jikoni mara tatu: nimeweka 480, ada 500, salio liko chini ya sifuri. Nikapiga hesabu, kufikisha ile asilimia 40 ningehitaji miezi 500, miaka 41 na ushee, na yule aliyenisainisha alijua kabisa mshahara wangu, iliniuma sana. Kwa hiyo anzia mwaka unaotaka kununua ndo urudi nyuma: 200 kwa mwezi kwa miaka 8 ni 19,200, basi mkataba wa kama 40,000 unakutosha, akikwambia 100,000 mkatalie.

2. Tagesgeld (akaunti ya akiba unayotoa hela muda wowote) au Festgeld (hela inafungwa kwa muda mliokubaliana). Unanunua ndani ya miaka mitatu minne? Weka huku, hakuna ada ya kuingia na hela imekingwa mpaka euro 100,000 kwa kila benki.

3. Mfuko wa hisa, ETF. Miaka kumi na kuendelea sawa, chini ya hapo soko linaweza kuanguka mwezi uleule unaoitwa kwa notari, yule wa kusainisha mkataba wa nyumba.

4. Mkopo uliofungwa na bauspari. Unalipa riba tupu ya mkopo mkubwa huku pembeni unajaza bauspari, miaka inaenda deni halishuki hata senti. Hii hapana jamani.

Na popote utakapoweka, lenga kwanza gharama za kununua maana benki nyingi zinataka utoe mwenyewe: kodi ya ununuzi jimbo la Bayern ni 3.5%, jimbo la Nordrhein-Westfalen 6.5%, nyumba ya 300,000 kule ni 19,500, bado hujamlipa notari.