Tathmini ya Galaxy Zoo: kupima nundu za galaksi kwa macho

Nilifika Galaxy Zoo, huduma ya mtandaoni ambamo watu wa kujitolea huainisha picha za galaksi (makundi makubwa ya nyota), kwa njia ya nyumbu. Jukwaa la Zooniverse, ambalo ndilo makao ya huduma hii, lina pia mradi wa Snapshot Serengeti, ambamo watu wa kujitolea hutambua wanyama katika picha zilizopigwa na kamera zilizotegwa ndani ya hifadhi, na baada ya wiki kadhaa za kuhesabu nyumbu na pundamilia nilibofya mradi wa jirani nikakutana na galaksi. Nimeitumia kwa miezi minne sasa, karibu kila jioni, na naona inafaa kupimwa kama tunavyopima huduma nyingine yoyote: inaahidi nini, na inatoa nini.

Ahadi yake ni kwamba mtu asiye na shahada ya fizikia anaweza kuwasaidia wanaastronomia kuelewa jinsi galaksi zinavyokua na kubadilika. Hakuna malipo, na unaweza kuanza hata kabla ya kujiandikisha. Picha moja huletwa mbele yako, kisha maswali hufuatana kulingana na jibu ulilotoa. Je, galaksi hii ni laini na ya duara, au ina umbo la sahani? Kama ni sahani, je, tunaiona kwa ubavu? Ina mikono iliyojizungusha, na ni mingapi? Nundu yake ya katikati, yaani uvimbe wa nyota zilizorundikana, ni kubwa kiasi gani? Je, inagongana na jirani yake?

Anayekuja akitarajia kuona shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali ambao hata mwanga hauwezi kuutoroka, ataondoka mikono mitupu, na ni vema alijue hilo mapema. Lile lililo katikati ya galaksi yetu lina uzito wa takriban Jua milioni 4, lakini katika picha hizi galaksi nzima yenye mabilioni ya nyota huwa ni doa la ukungu tu. Mimi mwenyewe nililipuuza swali la nundu kwa siku nyingi, nikilijibu haraka ili nirudi kwenye mikono, ambayo hupendeza zaidi. Nilijirekebisha nilipofahamu kwamba ndilo swali linalogusa mashimo meusi kwa karibu kuliko yote. Wanaastronomia wamekuta kwamba uzito wa shimo jeusi huendana na ukubwa wa nundu inayolizunguka, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba galaksi mbili zinapogongana na kuungana, nyota huvurugwa njia zake na kurundikana katikati, huku gesi ikiporomokea humo na kulinenepesha shimo. Nundu, kwa maana hiyo, ni kovu la mgongano. Galaksi iliyo bapa kama chapati, isiyo na nundu, huonyesha kwamba haijapata mgongano mkubwa kwa muda mrefu. Mwaka 2013 mwanaastronomia Brooke Simmons na wenzake walitumia majibu ya watumiaji wa Galaxy Zoo kupata galaksi 13 za namna hiyo ambazo mashimo yake meusi bado yanakula gesi, wakaonyesha kwamba shimo linaweza kufikia uzito wa mamilioni ya Jua pasipo kusaidiwa na migongano. Tangu nijue hayo, swali la nundu nalijibu taratibu.

Kuhusu usahihi, wengi huuliza iwapo majibu ya watu wasio na mafunzo yanaaminika. Huduma ilipozinduliwa Julai 2007 ilikuwa na picha karibu milioni moja, na katika mwaka wa kwanza ilipokea majibu zaidi ya milioni 50, kwa hiyo kila galaksi ilitazamwa na watu wengi na kosa la mmoja likazama katika wingi wa wengine. Kilichonivutia zaidi ni jinsi watafiti walivyolishuku hata jicho lenyewe. Majibu yalionyesha kwamba galaksi zinazojizungusha upande mmoja ni nyingi kuliko za upande wa pili. Watafiti wakaingiza picha zilizogeuzwa kama katika kioo, na watu wakaendelea kuuona upande uleule kuwa mwingi. Kasoro ilikuwa ya macho yetu, si ya anga.

Jicho hilohilo lakini lina faida yake. Mwaka huohuo wa 2007 mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona wingu la ajabu karibu na galaksi IC 2497 akauliza ni nini. Lilikuwa gesi inayong'aa kwa mwanga wa shimo jeusi lililokuwa likila kwa pupa, ambalo kwa sasa limefifia mno. Gesi bado inapokea mwanga uliotoka kabla ya kufifia huko. Wingu hilo linaitwa Hanny's Voorwerp, na neno hilo la Kiholanzi maana yake ni kitu tu.

Kwa upande wa matumizi, nashauri kompyuta. Kwenye simu yangu, ambayo kioo chake kina mikwaruzo, niliwahi kusugua doa kwa kidole nikidhani ni vumbi, kumbe ni galaksi ndogo pembeni mwa ile niliyoulizwa. Isitoshe, hutaambiwa kama umepatia, na anayependa kupewa alama atachoka upesi. Picha nazo zimekuwa ngumu zaidi: katika picha za darubini ya Euclid, programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa majibu ya watu imeshaainisha galaksi zaidi ya 380,000, na zile rahisi hazihitaji tena macho yetu.

Jambo ambalo ningependa libadilike ni lugha. Maswali yote nimeyajibu kwa Kiingereza, na ukurasa wa msaada hutumia michoro kadhaa kueleza umbo la katikati ya galaksi, ilhali mfugaji yeyote aliyewahi kumtazama ng'ombe wa kienyeji kwa ubavu angeelewa kwa neno moja, nundu.