Barfly: walituruka mahindi, na pesa yetu wakala

Mi si mtu wa kuandika mambo ya filme. Nauza unga, na wanaonijua kule mtaani kwetu Katuba wanajua maneno yangu ni ya soko. Lakini hii imenikaa kwenye koo toka ile siku, mpaka mtoto wa dada yangu akaniambia mama mkubwa andika, usipoandika utagonjwa. Basi naandika.

Ilikuwa wakati ule mahindi ya kando ya barabara imeanza kutoa ndevu. Kuna ukumbi mmoja hapa Lubumbashi, sitaki kuutaja, wana projekta na viti vya plastiki, unalipa franga 3000 unaingia. Waliandika kwenye tangazo kwamba wataonyesha filme ya mshairi mlevi na mapenzi yake. Nikalipa bila kuuliza bei mara mbili, juu marehemu yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alikuwa mshairi mlevi. Kwetu nyumbani watu wanasema mlevi halafu wananyamaza, ile ya mshairi hakuna anayeisema, na mi njo niko na madaftari yake.

Filme yenyewe inaitwa Barfly, ni ya 1987, ya Marekani, Barbet Schroeder njo aliyeitengeneza, yule yule aliyepiga filme ya Idi Amin mwaka 1974 na Amin mwenyewe akiwa mbele ya kamera. Aliyeandika hadithi ni Charles Bukowski, mshairi wa Marekani, na imetoka kwenye maisha yake mwenyewe, amejibadilisha jina, anajiita Henry Chinaski. Mickey Rourke anamcheza. Kila usiku yuko kwenye baa moja ya Los Angeles, anapigana na Eddie wa kaunta huko nyuma kwenye kichochoro, anapigwa, anaamka, anarudi. Halafu anakutana na Wanda, ambaye ni Faye Dunaway, naye anakunywa kama yeye, wanaanza kuishi pamoja. Mambo mengine mtaona wenyewe.

Mwanzoni nilikuwa nafurahi, sema kweli, nilikaa mbele kabisa. Rourke anatembea vile vile mlevi anatembea, si kuyumba kama wale wachekeshaji wetu wanavyofanya, hapana, anatembea polepole na kifua mbele kama mtu amebeba maji kichwani na hataki imwagike. Yaya alikuwa anaingia kwenye kiwanja cha nyumba yetu hivyo hivyo, unamuona kutoka mbali unajua leo amekunywa, juu leo njo anatembea vizuri sana.

Sasa katikati umeme ukakatika. Hiyo sina neno nayo, umeme unakatika kwa kila mtu, tulikaa gizani, wakawasha jenereta. Lakini picha iliporudi, kijana anayeshika kompyuta akaanza kuvuta mbele. Tunaona Wanda na Henry wanatembea nje, Wanda anasimama anaangalia kitu, halafu paap, tuko mahali pengine kabisa, Wanda ana uso umevimba kwa machozi na hatujui amelilia nini.

Nikamwambia, "Mwanangu, umeruka, rudisha kidogo."

Hata hakugeuka. Akasema, "Mama, pale hakuna kintu, ni mahindi tu. Ulilipa juu ya kuona mahindi? Si iko kule kwenu?"

Ukumbi wote ukacheka. Nimezaa watoto watano, nina nywele nyeupe, na mtoto ambaye ningeweza kumnyonyesha ananifanya kichekesho mbele ya watu kwa pesa yangu mwenyewe. Nilinyamaza. Mpaka leo ninajiuliza kwa nini nilinyamaza.

Na haikuisha pale. Filme ilipokwisha yule kijana akasimama mbele na chupa ya bia ya Simba mkononi, akasema mshairi wa kweli lazima akunywe, asiyekunywa anaandika barua za kuomba kazi, si mashairi. Bakijana wakapiga mikono. Kulikuwa na mmoja kando yangu, labda miaka 19, alikuwa anaandika hayo maneno kwenye telefone yake, kidole kinatembea haraka haraka asisahau, nikaona baridi mgongoni.

Nikarudi nyumbani na hasira, nikasema hii filme ni sumu, mtu asiende. Kama ningeandika ile usiku ningewapa sifuri, filme na ukumbi pamoja.

Lakini mtoto wa dada anasoma UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, akanitafutia filme nzima kwenye flashi, tukaiangalia mezani na maandishi ya Kifaransa chini. Tukafika pale paliporukwa. Nawaomba mnisikilize hapa, maana hapa njo filme yote iko.

Wanda anatembea na Henry, anaona mahindi yamepandwa kwenye kiwanja, katikati ya mji mkubwa vile. Anataka mahindi. Anaingia anavunja, anakumbatia kifuani kama mtoto, polisi wanatokea na gari, wanakimbia mpaka nyumbani, wanacheka kama wamepata dhahabu. Anapika. Anauma. Haijakomaa. Anatema, halafu analia, na si kilio cha mahindi, ni kilio cha mwanamke ambaye kila kitu alichotaka maishani alikikuta kibichi. Faye Dunaway kwa pale sijui alitoa wapi ile sauti. Nilimwambia mtoto rudisha, akarudisha, nikaangalia tena, akarudisha tena.

Mtu wa Lubumbashi hawezi kusema mahindi si kitu. Mvua ikinyesha tunapanda mpaka kwenye mtaro, mpaka kando ya reli, juu bila unga hakuna bukari, ugali wetu, na bila bukari hujala. Na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji iliyomuua yaya yangu, inatoka kwenye mahindi hayo hayo. Mwaka mmoja, bado tunaishi kwa mama, alirudi usiku na mahindi sita ndani ya shati, anaita watoto wote amkeni tuchome. Tulipoyamenya hakukuwa na punje, kulikuwa vipele vya maji tu, ukifinya inatoka maziwa. Asubuhi mama akaenda nyuma ya nyumba kuhesabu mashina yake, juu alikuwa ameyaiba kwetu mwenyewe na hakujua ni kwetu. Mama hakusema neno. Alikata yale majani yaliyolala chini, akayaweka pembeni, akaenda kuchota maji. Yaya aliandika shairi juu ya hiyo siku, liko kwenye daftari la kijani, na njo shairi zuri kuliko yote aliyoacha, na aliliandika siku tatu baadaye, akiwa hajakunywa, mikono inatetemeka mpaka herufi zinapanda mlima. Nasema hivyo juu ya yule kijana na chupa yake.

Kuna jambo lingine hakuwaambia wale watoto. Bukowski alifanya kazi ya posta miaka na miaka, kupanga barua, usiku, aliacha mwaka 1969 akiwa anakaribia miaka 50, baada ya mchapishaji kumuahidi dola 100 kila mwezi ili aandike tu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1971 na ni habari ya hiyo hiyo posta. Mwaka 1955 pombe ilimpasua tumbo akatokwa damu akapelekwa hospitali ya watu maskini, kidogo afe, na ni baada ya kutoka pale njo alianza kushika mashairi kwa nguvu. Kwa hiyo chupa haikumpa shairi bure. Na Wanda je? Mwanamke wa kweli aliitwa Jane, Jane Cooney Baker, alikufa mwaka 1962, pombe. Bukowski alimlilia kwenye mashairi miaka mingi.

Na hapa njo hasira yangu inageukia filme yenyewe, nilikuwa nataka kuisamehe lakini sijaweza. Mwisho wake wote wako baa, Wanda na mwanamke mmoja tajiri mwenye gazeti, Tully, wameshavutana nywele, Henry ametumia pesa ya Tully kunywesha kila mtu, halafu anatoka nje tena kupigana na Eddie, watu wanafurahi, kamera inarudi nyuma polepole, kwisha. Hakuna asubuhi. Kwenye filme nzima Henry anaamka na damu usoni lakini mikono haitetemeki, miguu haijavimba, macho hayajawa ya njano. Miye nilimuogesha yaya yangu. Najua ile rangi. Kijana wa miaka 19 akiona ule mwisho bila kuona mahindi, atatoka akijua nini? Bukowski alijua Jane amekufa, aliandika hiyo filme miaka mingi baada ya kumzika, na bado akamuacha pale kwenye baa akiwa mzima.

Lakini labda njo hiyo. Nimefikiri usiku mbili. Labda alitaka awe mzima mahali pamoja tu. Mi pia, nikisoma lile daftari la kijani kwa watoto wangu, nasimamia pale yaya anaita amkeni tuchome, sifiki mwisho. Basi siwezi kumhukumu, ingawa bado nasema si ya kuonyesha watoto bila mtu mzima kando.

Filme naipa nne kwa tano, na ile moja naikata kwa ajili ya mikono isiyotetemeka. Ukumbi sifuri. Nilirudi pale juma lililofuata, si kwa pesa, nilimwambia kijana nitaleta flashi yangu, aweke kile kipande cha mahindi peke yake, dakika chache, kabla ya filme yao nyingine, na mi nitasimama niseme nani alikuwa Jane. Akasema atauliza mkubwa wake. Bado ninangoja. Flashi iko kwenye mkoba wangu wa soko, imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na funguo.