Fundi baiskeli za gia Ngamiani, Tanga: cheni iliyokuwa inaruka na kuchomoka imetulia (nyota 4 kati ya 5)

Natoa nyota nne, hiyo moja niliyobana nitaieleza huko chini. Kwa wasio wenyeji, huku Tanga baiskeli ni usafiri wa kila mtu, mji wenyewe tambarare, mwalimu anayo, muuza samaki anayo, mama anaenda nayo sokoni, kwa hiyo mafundi wapo kila kona, ukipata pancha husukumi mbali. Ila wengi wao mikono yao imezoea Phoenix na Hero, zile za gia moja, cheni nene, friwili moja nyuma, ikilegea unafungua nati za tairi la nyuma unalivuta nyuma kidogo unakaza umemaliza. Sasa mpelekee fundi wa hivyo baiskeli ya mtumba yenye gia 21 uone kizaazaa.

Yangu ni hizo mountain za mtumba, sproketi (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni) tatu mbele, saba nyuma. Ugonjwa wake ulikuwa huu, nikikanyaga kwa nguvu, mfano nimesimama kupisha gari afu naondoka, cheni inaruka meno, ka, ka, pedeli inadondoka ghafla mguu unabaki unaelea, kuna siku nusura nilale mbele ya bajaji. Na siku nyingine hairuki, inachomoka kabisa inaangukia ndani, kati ya friwili, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, na spoku, inajikaba hapo, mpaka uitoe mikono yote oili na shati la kazini ndo lishakwenda.

Kabla ya huyu ninayemsifia nilikuwa kwa fundi mwingine, simtaji. Yule bwana hata kuinua tairi hakuinua. Akashika cheni kwa vidole viwili, akaitikisa, "hii imelegea kaka, tukate pingili mbili". Akachukua msumari na nyundo, akagonga pini, akapunguza, akagonga tena, elfu mbili. Cheni ikakaza kweli, nikaondoka nimefurahi. Kuruka kukabaki vilevile. Afu nilipoweka sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma, cheni haikufika! Kile kimkono cha nyuma chenye vigurudumu viwili vidogo, wenyewe wanaita dereila, kilivutwa mbele mpaka kikanyooka chote, bahati nilikuwa taratibu, ningekuwa nimekanyaga kwa nguvu kingekatika na fremu ingeumia pia.

Na hapa naomba niseme jambo maana naona watu wengi wanaliwa pesa hapa hapa. Kwenye baiskeli ya gia, kinachokaza cheni sio urefu wa cheni, ni springi iliyo ndani ya kile kimkono. Ndo kazi yake, gia zikibadilika kinakula ule ulegevu chenyewe. Kwa hiyo fundi akikuambia cheni ya gia imelegea tuikate, muulize kwanza springi imekufa au? Akikosa jibu chukua baiskeli yako, ondoka.

Haya, sasa mzee wetu wa Ngamiani. Ni kibanda cha mabati tu, hakina bango, ukiuliza vijana wa bodaboda wanaoegesha karibu "fundi wa baiskeli za gia" watakuonyesha. Nimefika, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikaanza kumweleza kwamba cheni imelegea, akanikatisha. "Ngoja. Inaruka au inachomoka?" Nikamwambia vyote. "Ikichomoka inaangukia wapi, ndani kwenye spoku, au nje huku kwenye fremu, au mbele kwenye pedeli?" Hajaishika bado baiskeli! Mi hapo nikajua leo nimefika kwa mtu.

Alivyonieleza ni kwamba kuruka na kuchomoka ni magonjwa mawili tofauti, na baiskeli moja inaweza kuwa nayo yote. Kuruka, yaani cheni iko juu ya sproketi ileile lakini inapanda meno inateleza, hiyo mara nyingi ni kuchakaa, au kuna pingili moja imekakamaa haikunjiki. Kuchomoka ni kimkono kupita mpaka wake. Ikiangukia kwenye spoku, mpaka wa ndani uko wazi mno. Ikiangukia upande wa fremu, mpaka wa nje. Ikichomokea mbele angalia kile kidude cha mbele kinachosukuma cheni, au sproketi ya mbele imepinda. Maswali mawili tu na ramani yote anayo.

Akaigeuza baiskeli juu chini, akazungusha pedeli kinyumenyume polepole huku macho yako kwenye vile vigurudumu viwili. Pingili iliyokakamaa ikipita pale kimkono kinashtuka. Ilikuwepo moja, na nadhani mnajua ilitoka wapi, ilikuwa ni palepale yule bwana alipogonga msumari, pini imeingia kwa kulazimishwa pingili imebanwa. Akaishika kwa mikono miwili akaikunja kwa ubavu, kidogo tu, ikalegea. Nikamuuliza tumemaliza? Akacheka.

Afu akatoa rula. Rula ya shule ile ya plastiki, upande mmoja sentimita upande mwingine inchi. Akafuta kipande cha cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaweka sifuri katikati ya pini moja akaniambia soma kwenye inchi 12 pini imekaa wapi. Cheni ya baiskeli, iwe ya Phoenix iwe ya mountain, kutoka pini mpaka pini ni nusu inchi, kwa hiyo cheni mpya kwenye inchi 12 inatua pini juu ya mstari bila kupepesa. Yangu ilikuwa imepita mstari karibu sehemu moja ya nane ya inchi. Kwa macho ni kitu kidogo sana, ukiwa umesimama huoni. Yeye anasema ikipita sehemu moja ya kumi na sita badilisha cheni peke yake na friwili unaiokoa, ikifika moja ya nane friwili nayo imekwenda, usijisumbue kuweka cheni mpya juu yake itaruka kuliko hata ya zamani. Maana cheni iliyochakaa inakuwa imeyala meno ya friwili yakaifuata, mpya ikija nafasi zake ni fupi, haikai.

Na hapo ndo nikaelewa kwa nini kukata pingili hakukusaidia. Ukikata unapunguza urefu wa cheni nzima, lakini nafasi kati ya pini na pini iko palepale, imeshatanuka, na hiyo nafasi ndo inayopanda meno.

Akanionyesha friwili yenyewe. Sproketi kubwa za ndani bado nzuri kabisa, meno yamesimama. Zile mbili ndogo ninazotumia kila siku meno yamelala upande mmoja yamechongoka kama mapezi ya papa. Akasema friwili za Tanga zote anazozitoa ziko hivi, na ukifikiria ni kweli, mji hauna mlima, mtu anaweka gia moja asubuhi anaisahau humo mpaka Jumapili, kwa hiyo sproketi mbili zinabeba kazi ya saba. Sikuwahi kuliwaza hili aisee. Ushauri wake ni uhame hame gia hata kama miguu haihitaji.

Hiyo ilikuwa kuruka. Bado kuchomoka.

Nilitegemea achukue bisibisi akaze ile skrubu yenye herufi L, maana hata mi nilikuwa najua kwamba nyuma kuna skrubu mbili ndogo, H ni mpaka wa nje kwenye sproketi ndogo, L ni mpaka wa ndani kwenye kubwa. Hakuigusa. Kwanza akasimama nyuma ya baiskeli, akafumba jicho moja, akaangalia kimkono kama kimenyooka sambamba na friwili. Akaguna. Akaenda ndani akarudi na tairi zima la nyuma la baiskeli nyingine, nikajiuliza huyu mzee anataka kubadilisha tairi? Kumbe! Akafungua kimkono, akabaki na lile sikio la fremu linalokishikilia, akachukua lile tairi na kupachika ekseli yake kwenye tundu la sikio, akazungusha ikaingia, uzi wa skrubu ni mmoja, milimita 10. Sasa tukawa na tairi mbili zimesimama pamoja, la kwangu na lile la kuazima, na kama sikio limenyooka tairi hizo lazima ziende sambamba pande zote, juu, chini, mbele, nyuma. Zangu zilikuwa zimeachana juu zimekaribiana chini, unaona waziwazi hata kama hujui chochote cha baiskeli. Sikio limepinda kuelekea kwenye spoku. Hiyo ni baiskeli kuanguka upande wa kulia, au kulaliwa na zingine kwenye kontena, na za mtumba nani anajua zimepitia nini.

Akalishika lile tairi la kuazima akalivuta taratibu, anapima kwa vidole, anavuta tena, mpaka zikalingana. Fremu yangu ni ya chuma ndo maana alithubutu, za aluminiamu anasema huwa anamwambia mwenye baiskeli kabisa kwamba sikio linaweza kukatika, uamuzi ni wako. Baada ya hapo ndo akarudisha kimkono, akashika bisibisi, skrubu ya L ikaingia kama robo mzunguko basi. Fundi mwingine angeikaza L mpaka mwisho, cheni isingeangukia kwenye spoku ni kweli, lakini sproketi kubwa usingeipata tena, na gia zingine zote zingebaki zinagugumia kwa sababu kimkono bado kimepinda.

Vipuri alinituma nikanunue mwenyewe, yeye hauzi, akaniandikia kwenye kikaratasi: cheni ya gia 7, friwili ya gia 7 ya kufunga kwa uzi, meno 14 mpaka 28. Kuweni makini dukani. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipa cheni ya gia moja, eti cheni ni cheni tu. Sio kweli, za gia moja ndani zina upana wa milimita 3.2, za gia ni 2.4, ukifunga ile nene kwenye friwili ya sproketi saba itakwaruza sproketi ya jirani siku nzima. Duka la pili nikapata KMC, hiyo ni ya Taiwan, na friwili ya Shimano, jumla haikufika elfu arobaini. KMC imekuja na loki yake, kwa hiyo kuifunga huhitaji kugonga pini, na mimi baada ya yale ya msumari nilifurahi sana kuiona hiyo loki.

Friwili ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania, maana hizi kila unavyokanyaga zinajikaza. Wengi hapa wanaitoa kwa tindo na nyundo wanaharibu habu, kile kitovu cha tairi. Yeye ana kifungulio chake cha Shimano, akakibana kwenye vaizi, akalaza tairi juu yake, akashika ringi kwa mikono miwili akazungusha, krrr, ikaachia. Urefu wa cheni mpya akapima kwa kuizungusha kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupitisha kwenye kimkono, akaongeza inchi moja, akakata. Cheni ya zamani hakuitumia kama kipimo maana ilishapunguzwa. Mwisho waya wa gia, ule uliokuwepo ulikuwa umepata kutu ndani ya ganda lake, chumvi ya bahari hii, akabadilisha na waya na ganda.

Kazi yote elfu kumi. Kwa muda aliotumia ni bure.

Sasa hivi nimeshapanda nayo mpaka Amboni, Pongwe, nimebeba mchele nyuma, nimekanyaga nimesimama kwa makusudi, hairuki. Gia ya sita huwa inakwaruza kidogo nikipita kwenye matuta, naizungusha kwa mkono ile nati ya plastiki pale waya unapoingilia nusu mzunguko inatulia, alinifundisha mwenyewe. Na oili chafu ya gari amenikataza kabisa, inakamata mchanga, mchanga ndo unakula pini. Ananiambia nifute kwa kitambaa, niweke mafuta ya cherehani tone moja moja, nifute tena yale ya nje, na nikitoka Raskazone kwenye upepo wa bahari nisilale bila kuifuta.

Nyota niliyobana ni hii. Mzee anaongea, yaani anaongea! Kila mpita njia anasalimiwa na kuulizwa habari za nyumbani, spana inawekwa chini, kazi ya saa mbili inakwenda mpaka magharibi. Simu hapokei. Ukiacha baiskeli akikuambia kesho ujue kesho yake sio ya kalenda, kaa hapohapo umsubiri. Halafu breki za diski za mafuta hagusi, anasema wazi hana vifaa, zile za waya anafanya vizuri tu.

Ukienda, nunua vipuri asubuhi na mapema, sio baada ya kufika kwake, la sivyo utapanda na kushuka madukani kama mimi. Ijumaa kuanzia saa sita mchana hayupo, anaswali, anarudi kwenye saa tisa.