Mchezo wa mezani wa manowari: nyota nne, ya tano imezama na nyambizi

Tumeucheza mara sita, mimi na shemeji yangu, kila mara saa tatu hivi. Mmoja anashika Marekani, mwingine Wasovieti. Ubao ni bahari inayoizunguka Kuba, Oktoba 1962, Marekani ilipozizuia meli za Kisovieti kwa sababu ya makombora ya nyuklia yaliyowekwa kisiwani.

Utamu wake uko kwenye ngazi ya hatari iliyochorwa pembeni. Ukisimamisha meli ya mizigo unapanda hatua moja, ukifyatua mzinga mbele ya omo yake unapanda mbili, na ikifika kumi mmeshindwa wote wawili. Shemeji, ambaye kwenye drafti hunifunga atakavyo, hapa ameshaiunguza dunia mara mbili kwa kiherehere. Amri nazo huandikwa kwenye karatasi na humfikia kapteni zamu moja baadaye. Nimewahi kuwa afisa wa redio melini. Subira hiyo naijua.

Kete ni za karatasi laini, pembe zimeshaanza kuchanika. Sehemu ya Bahari Nyeusi, 1988, pale meli za Kisovieti zilipozigonga makusudi mbili za Marekani, ni fupi mno. Tuliicheza mara moja tukaiacha.

Lakini nyambizi! Mwenye nyambizi anapewa kadi za habari kila zamu, utadhani kule chini redio inashika. Tarehe 27 Oktoba 1962 nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa imejificha kilindini, betri zinakwisha, joto halivumiliki, Moscow haisikiki. Manowari za juu zikawa zinadondosha vilipuzi vidogo kuiashiria iibuke. Marekani ilikuwa imeshaipelekea Moscow maelezo ya ishara hizo, ila wa chini hayakuwafikia. Nao walikuwa na topido moja ya nyuklia, jambo ambalo wa juu hawakulijua. Inavyosimuliwa, kapteni Savitsky alitaka iandaliwe. Vasili Arkhipov, mnadhimu wa kikosi aliyekuwemo, akamtuliza, wakaibuka. Yote hayo mtengenezaji kayageuza kuwa dadu moja: ikiangukia sita, topido inatoka.

Tumejitungia sheria yetu. Mwenye nyambizi anaupa ubao mgongo, habari hapewi, anasikia tu mwenzake akigonga meza, kisha anaandika: kuibuka au kupiga. Jana usiku nilikaa hivyo zamu nne, jasho linanitoka. Mshindo wa tatu ulikuwa mzito kuliko yote, nikaandika kupiga. Nageuka, kumbe shemeji alikuwa anatua kikombe chake.