Takwimu zilizopo au mazungumzo ya awali: kipi kinanoa swali la utafiti?

Chukua muuza gesi ya kupikia Dar es Salaam anayeuliza: "Kwa nini watu hawanunui gesi?" Swali hilo ni pana mno. Atalibana kwa njia gani?

Takwimu zilizokwishakusanywa ni rahisi kupata, na nyingi hazina malipo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani humo, tena iliuliza kaya zinapikia nishati gani. Mkakati wa taifa wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hapo anajua soko liko wapi na serikali inaelekea wapi. Lakini namba hizo zilikusanywa kwa shughuli za serikali, si za duka lake, na bei zimeshabadilika tangu hapo.

Mazungumzo ya awali hayana ukubwa huo. Ni mama lishe wachache, muuza mkaa mmoja, na kukaa kimya ukisikiliza (wengi wetu hapa ndipo tunashindwa). Ila humo ndimo sababu hujitokeza: mtungi upo ndani, umeisha, fedha ya kuujaza inatakiwa kwa mkupuo, wakati mkaa hununuliwa kwa kopo. Huwezi kusema wote wako hivyo, ila swali limegeuka: "Je, mama lishe wangejaza mara nyingi zaidi wakilipa kidogo kidogo?"

Mimi ningeanza na takwimu, siku mbili tu, kisha niende mtaani.