Presha kuka ya umeme: uzoefu wangu wa kulisha familia jiko likiwa limebomolewa

Muda wote jiko letu lilipokuwa limebomolewa, chakula cha nyumba nzima kilipikwa sebuleni, juu ya meza iliyosogezwa ukutani. Chombo kilichobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni presha kuka ya umeme ya lita 6. Ilipika kila siku, kwa wakubwa na kwa watoto, kwa hiyo naandika kwa yeyote ambaye fundi ameshamwambia ahamishe vyombo na sasa anajiuliza atapika wapi.

Wengi husifu presha kuka kwa kasi. Mimi niliichagua kwa sababu inafungwa. Mafundi wakianza kukata vigae au kuchimba ukuta, vumbi halibaki waliko. Linapita chini ya mlango, linatua kwenye vikombe, kwenye mapazia, hadi kwenye mkate uliosahaulika mezani. Tena vumbi la vigae na zege huwa na silika, yaani madini ya mchanga, na silika ikivutwa kwa muda mrefu inaharibu mapafu. Tulitundika nailoni mlangoni tukaibana kwa utepe wa gundi pande zote, na bado sikutaka sufuria ya supu itokote wazi kwa saa kadhaa. Mfuniko wa presha kuka unajifunga na haukubali kufunguka mpaka presha ishuke. Kilichomo ndani hakiguswi na vumbi.

Jingine ni kwamba haihitaji kusimamiwa. Nyumba yenye mafundi haikupi nafasi ya kusimama mbele ya sufuria. Unaitwa uone bomba litapita wapi, unaulizwa soketi ikae urefu gani, unafungua geti kupokea mchanga. Muda ukiisha, chombo hiki kinaacha kupika chenyewe na kubaki kikitunza joto. Kwangu hilo peke yake lilitosha kukipa alama za juu.

Kuhusu kuivisha, inafanya inachoahidi. Mvuke ukikosa pa kutokea, presha hupanda, na maji hayaishii nyuzi 100 za Selsiasi bali hufika 115 hivi. Nyuzi hizo chache zinatosha kulainisha nyama ngumu na nafaka kavu kwa sehemu ndogo ya muda tuliozoea. Maharage yaliyolala ndani ya maji usiku kucha yaliiva kwa robo saa ya presha.

Ila hiyo robo saa isikudanganye, na hapa ndipo ninapowalaumu watengenezaji. Dakika zinazoonekana kwenye kioo zinahesabiwa baada ya presha kujaa. Kabla ya hapo kuna dakika 10 hadi 20 za kupasha, kutegemea ulichojaza na kama kilitoka kwenye friji. Baadaye kuna muda wa presha kushuka yenyewe, nao unaweza kufika dakika 20. Chakula cha "dakika 15" kinakaribia saa nzima. Ukiwa na watoto wanaotoka shule na njaa, panga kwa saa nzima.

Ujazo nao una hesabu yake. Chombo hakijazwi kupita theluthi mbili, na kwa vitu vinavyovimba au kutoa povu, kama maharage na mchele, hakipiti nusu. Kwa hiyo lita 6 zilizoandikwa kwenye boksi ni lita 4 za mchuzi na lita 3 za maharage, maji yakiwemo. Familia ya watu wanne au watano inashiba. Zaidi ya hapo tafuta ya lita 8. Ukizidisha, povu linaweza kuziba vali inayotoa mvuke.

Nyingi zina pia kitufe cha kupika polepole. Usikitumie kwa maharage mekundu mabichi. Yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na moto mkali wa kuchemka, na joto la polepole huweza lisifike kiwango hicho, ukala maharage laini yanayokutapisha. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji yale, kisha yachemshe sawasawa au yapike kwa presha.

Sasa umeme, ambao nadhani ndio mtihani mkubwa kuliko chakula chenyewe. Jiko likibomolewa, laini yake ya umeme huzimwa, na mzigo wote unahamia kwenye soketi za sebule. Ekstensheni ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba karibu wati 3000, na hiyo ni ikiwa nzima. Presha kuka yangu inakula wati 1000, jiko dogo la indaksheni (la umeme, linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku) 2000, birika 2000 na ushee. Presha kuka na indaksheni kwa pamoja tayari zimefika ukingoni, na birika na indaksheni zimeshavuka. Utaratibu wetu ukawa birika kwanza, maji yaingie kwenye chupa ya chai, ndipo kingine kiwashwe. Presha kuka tuliipa soketi yake ya ukutani. Waya wa ekstensheni tuliukunjua wote, maana ukiachwa umejiviringa huku umebeba mzigo unapata moto. Na mashine ya fundi ya kukatia isichomekwe hapo hapo, hata akiomba kwa dakika moja.

Hilo jiko la indaksheni lilisaidia kwa mayai, kitunguu cha kukaanga na uji wa asubuhi. Linataka sufuria inayoshika sumaku. Chukua sumaku ya mlango wa friji uiguse chini ya sufuria, isipong'ang'ania, sufuria hiyo haitapata moto. Mafuta yanayoruka karibu na makochi ndiyo yalinifanya nisilitumie zaidi. Kuhusu mkaa ndani ya chumba, hapana kabisa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua.

Kasoro za presha kuka ninazozijua sasa: haikaushi wala haibaniki, kwa hiyo ukitaka nyama yenye ukoko utaikosa. Mpira wa silikoni wa mfuniko unashika harufu ya viungo na hauiachii hata uoshwe vipi. Tulikuwa na wa pili, mmoja wa michuzi na mwingine wa uji na vitu vitamu. Na mvuke unapoachiwa, ni mkali. Ielekeze vali mbali na ukuta mpya, pazia na njia ya watoto, uisukume kwa mwiko mrefu huku uso ukiwa pembeni.

Kuosha kulikuwa bafuni, kwa mabeseni mawili, na hapo nilishukuru kwamba chombo kina sufuria moja tu ya ndani. Wakati mwingine nilipika mchuzi chini na wali kwenye bakuli la chuma juu ya kistandi, vyote kwa mara moja. Kabla ya kuosha tulifuta mafuta na mabaki kwa karatasi, kwa sababu mfereji wa bafu haukutengenezwa kumeza wali. Kilichobaki hakikuachwa ndani ya chombo kilichozimwa mpaka asubuhi. Tulikigawa kwenye bakuli pana zisizo na kina ili kipoe upesi, na kabla ya saa mbili kupita kilikuwa ndani ya friji.

Ningeinunua tena, bila kusita, kwa familia inayobaki nyumbani wakati wa ujenzi. Kwa anayeishi peke yake na anayependa vyakula vya kukaanga, jiko la indaksheni na sufuria mbili zitamfaa zaidi. Unapochagua, angalia sufuria ya ndani iwe ya chuma kisichoshika kutu badala ya ile ya kupakwa, maana itasuguliwa kwenye beseni kila siku, na uulize pale pale dukani kama wanauza mpira wa akiba wa modeli hiyo.