Tiny Core Linux kwenye RAM ya MB 128: nimelipasua faili la core.gz mbele yenu

Haya jamani, karibuni tena. Leo sina salamu ndefu, maana hiki kitu kimenikosesha usingizi na nina hamu mkione. Hii hapa mezani ni kompyuta mpakato kuukuu, prosesa ya biti 32, RAM MB 128. Mia moja ishirini na nane, siyo GB. Na mnachokiona kwenye kioo ni madirisha, menyu, terminali, na ule upau wa ikoni pale chini. Nabonyeza, kinafunguka. Nabonyeza tena, kinafunguka. Hakuna kusubiri.

Mfumo huu ni Tiny Core Linux. Faili lake la kupakua lina takriban MB 23, na lile toleo la maandishi matupu, Core, lina kama MB 17. Video fupi uliyotumiwa leo asubuhi inaweza kuwa nzito kuliko mfumo mzima wa uendeshaji! Vipimo vingine sivisomi, viko kwenye ukurasa wao na wengi wenu mnavijua. Mimi nataka tulifungue tumbo lake na tukate tusichokihitaji, kwa sababu huko ndiko kuna utamu.

Kwanza nabuti Core tupu, ile ya maandishi. Tazameni flashi. Ndani yake kuna mafaili mawili tu yanayoufanya mfumo uwake: vmlinuz, yaani kerneli, kiini cha mfumo, na core.gz, ambalo ni mfumo wote uliobaki. Basi. Kipakizi (bootloader) kinayabeba yote mawili hadi kwenye RAM, kerneli inalifumua core.gz humohumo, na kuanzia hapo mfumo unaishi kwenye RAM. Sasa naichomoa flashi... imetoka. Naandika ls. Inajibu. Naandika top. Inajibu. Diski haipo na mashine haina habari. Ila angalizo: ukishaongeza programu za ziada, yale mafaili ya .tcz, usichomoe hivi, kwa sababu yenyewe huwa yamepachikwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Kinachokaa chote kwenye RAM ni ule msingi.

Sasa tulipasue. Nahamia kwenye mashine yangu kubwa, nimelileta core.gz hapa. Natengeneza folda tupu, naingia ndani, natumia zcat kulifumua na kulipitisha kwa cpio, inayotoa mafaili kwenye furushi. Enter. Hilo hapo! Bin, etc, lib, sbin, usr, folda zote za Linux mnazozijua. Hakuna fumbo wala programu maalumu ya kampuni fulani. Ni furushi la cpio lililobanwa kwa gzip, na mtu yeyote mwenye terminali anaweza kulifungua.

Twende kwenye bin. Naandika ls -l. Mnaona hii mishale? Hii ls inaelekeza kwa busybox. Hii cp, kwa busybox. Hii mount nayo inaishia hukohuko. Karibu kila amri unayoijua hapa ni kiungo tu kinachokwenda kwenye familia ya BusyBox, programu moja inayobeba amri nyingi. Programu ile inapoitwa, inaangalia imeitwa kwa jina gani. Ukiiita ls inafanya kazi ya ls, ukiiita cp inafanya kazi ya cp. Wazo hili alilianza Bruce Perens miaka ya 1990 kwa ajili ya diski za usakinishaji za Debian, mojawapo ya Linux kongwe, wakati ambapo ilibidi kila kitu kikae kwenye flopi. Kwenye mfumo mkubwa, kila amri ni faili lake, na kila faili linabeba mzigo wake. Hapa mamia ya amri yanachangia msimbo uleule. Mimi nikiona uhandisi wa namna hii nafurahi mpaka mikono inatetemeka, nisamehewe.

Lakini BusyBox haijavimba, kwa hiyo siyo pa kukata. Naandika du kwenye kila folda. Angalieni lib. Hiyo ndiyo nzito, na ndani yake kuna modules: draiva za kerneli, yaani vipande vya programu vinavyoendesha vifaa. Draiva za kadi za mtandao wa waya za kila kabila, draiva za vidhibiti vya diski, za mifumo ya mafaili. Tiny Core tayari imeshatoa sauti na WiFi na kuziweka kama nyongeza za pembeni, na bado zilizobaki ni nyingi, kwa sababu wao wanataka iwake kwenye mashine yoyote. Mimi sina mashine yoyote, nina hii moja.

Basi narudi kwenye ile kuukuu, naandika lsmod. Hizi hapa ndizo moduli zilizopakiwa sasa hivi, orodha fupi kabisa. Kila kisichokuwa hapa ni mtuhumiwa. Sisemi ufute vyote! Chomeka kwanza kila kifaa utakachotumia, kibodi ya USB, flashi, waya wa mtandao, ndipo uandike lsmod. Halafu rudi kwenye folda yetu: draiva za mtandao, nabakiza ya kwangu, nyingine zinaondoka. Vidhibiti vya diski, hivyohivyo. Kisha chroot (naingia ndani ya folda kana kwamba ndiyo mfumo mzima) na depmod ili orodha ya moduli ijengwe upya, nafungasha kwa cpio, nabana kwa gzip. Ukiwa na advdef, chombo cha kubana upya, ipitishe na hapo, itaminya zaidi bila kubadilisha chochote ndani.

Hapo kwenye kubana tusimame kidogo, maana watu wengi wanapachanganya. Ukibana core.gz vizuri zaidi, umeokoa nafasi ya flashi. RAM hujaokoa kitu, kwa sababu mfumo ukiwaka faili linafumuliwa na kuchukua ukubwa wake halisi. Tena wakati wa kubuti hali ni mbaya zaidi: kwa muda mfupi, lile lililobanwa na lililofumuliwa vyote vimo ndani ya RAM kwa pamoja. Kwa hiyo mashine yenye RAM finyu hukwama mwanzoni kabisa, hata kama mfumo ukishawaka ungetosha. Kwenye maswali yao ya kawaida Tiny Core wenyewe wametaja MB 46 kama kiwango cha chini, na 28 kwa ile ya maandishi, wakasema hata uwe na swap, yaani nafasi ya diski ya kusaidia RAM, ya terabaiti haisaidii. Ni kweli, kwa sababu wakati huo swap bado haijazaliwa. Namba hizo mimi nazichukulia kama sakafu, siyo mahali pa kuishi. Unachokiondoa kabisa ndicho kinachokuokoa mara zote mbili, kwenye flashi na kwenye RAM.

Mfumo ukishasimama, una ujanja mwingine mzuri: unatumia zram, yaani kipande cha RAM kinachogeuzwa swap iliyobanwa. Prosesa inafanya kazi kidogo zaidi, lakini hugusi diski. Kwa prosesa dhaifu sana unaweza kuuzima kwa kuandika nozswap kwenye amri za kubuti. Mimi nauacha.

Sasa linaloniudhi, na naliudhikia kweli: kuhifadhi. Naandika faili hapa, naliita kazi, naliweka kwenye folda ya etc. Nawasha upya mashine... natafuta kazi... hakuna. Mfumo unaoishi kwenye RAM hausahau kwa bahati mbaya, umejengwa kusahau. Ili kitu kibaki, njia yake lazima iandikwe kwenye orodha ya .filetool.lst iliyo ndani ya opt, kisha filetool.sh ikusanye vyote na kuvifungasha kwenye mydata.tgz. Folda ya home na opt zimo tayari, vingine ujiongezee mwenyewe. Na kazi hiyo hufanyika ukizima vizuri au ukiiamuru. Umeme ukikatika katikati, ulichoandika kimekwenda. Pia kadiri mydata.tgz inavyonenepa, kuwasha na kuzima kunakuwa kuzito, na tunarudi kulekule tulikokimbia. Dawa ni kuiweka home kwenye kizigeu (sehemu iliyotengwa) cha diski kwa msimbo wa kubuti, home=sda1 kwa mfano. Inafanya kazi vizuri. Ila kwa mgeni, jambo hili lilistahili kuwa mbele kabisa kwenye skrini ya kwanza!

Na hapo ndipo msimamo wangu unapogeuka kidogo. Nilikuwa nakaribia kusema kila mwenye mashine kuukuu aichukue. Kwa kituo cha kazi moja, kioo cha kuonyesha taarifa, seva ndogo, kifaa cha kusoma vihisi (sensor), hii ni dhahabu. Kule kusahau kunageuka ulinzi: ukikiharibu, washa upya, kimerudi kama kilivyokuwa. Kwa mtu anayetaka kuandika barua na kusoma habari kila siku, nampeleka Puppy au antiX, Linux nyingine nyepesi, apumzike.

Washindani wengine? Alpine, Linux nyingine ndogo, naipenda mno. Nayo ina BusyBox, lakini imebadilisha hata maktaba ya C, ule msingi unaoegemewa na programu karibu zote, inatumia musl badala ya glibc, na kontena yake, yaani furushi la kuendeshea programu, haizidi MB 8. Kwenye diski usakinishaji mdogo ni kama MB 130. Tatizo ni programu zilizojengwa kwa glibc, nyingine zinagoma. Tiny Core imebaki na glibc, nzito zaidi ila haina makuu. Damn Small Linux, ile ya zamani ya MB 50, Robert Shingledecker alikuwa mmoja wa wajenzi wake kabla hajaanzisha Tiny Core. Ilirudi mwaka 2024, lakini sasa shabaha yake ni MB 700, itoshe kwenye CD. Sina ugomvi nayo, ila hilo ni shindano jingine.

Na msidhani mambo haya ni ya wapenda vitu vikuukuu tu. Debian 13, mwaka 2025, imeacha kutoa kerneli na kisakinishi cha biti 32 cha i386. OpenWrt, Linux ya vipanga njia (ruta), nayo ilishaviaga vile vyenye flashi ya MB 4 na RAM MB 32, toleo la 19.07 likawa kituo cha mwisho. Kerneli inakua kila mwaka. Asiyejua kukata, vifaa vizima kabisa vitamfia mkononi.

Wengi mtaniuliza habari ya kivinjari. Hapo ukweli ni mchungu: mfumo unaweza kuchukua makumi ya MB, kurasa za leo zinataka mamia. Dillo, kivinjari chepesi, inafungua hapa haraka sana, kwa kuwa inatumia FLTK, vifaa vilevile vya madirisha vya Tiny Core. Haina JavaScript, kwa hiyo kurasa za maandishi utasoma, benki yako hutaingia.

Bei ni bure, chanzo wazi. Kuhusu chaneli: video inayofuata tunaigusa kerneli yenyewe, vmlinuz, ambayo leo sijaigusa. Tutaanza na make localmodconfig, inayotazama moduli zinazotumika na kuacha nyingine, kisha tushuke hadi tinyconfig, iliyoingia mwaka 2014 na inayozima karibu kila kitu, hata ujumbe wa kerneli kwenye skrini. Kwa hiyo mkiniona nakodolea kioo cheusi msishangae, ndivyo inavyokuwa mpaka uiwashe printk, inayotoa ujumbe huo. Andaeni mashine zenu, chomekeni vifaa vyote, hifadhini matokeo ya lsmod kwenye faili. Tutayahitaji dakika ya kwanza.